Ardith Hafuati Mlio

Mwanga ndio kwanza unachungulia Bonde la Pruitt, na Ardith Yocum anamfinya mteja wake paja.

"Wewe, acha kutikisa goti! Bata mzinga anaona hata ukope."

Tobin Haskew, fundi wa matrekta, anatulia. Wamejibanza kwenye kibanda cha turubai, upinde uko mapajani. Hatua kumi na tano mbele yao amesimama jike wa plastiki, chambo cha madume.

Ardith, mwenye miaka sitini na mbili, ndiye mwongozaji anayetafutwa zaidi na wawindaji wa upinde katika milima hii ya Ozark, Missouri. Asubuhi moja hulipwa dola mia mbili, na msimu ni wiki tatu tu.

"Upinde hausamehe," anasema. "Ngoja dume ageuke, mkia umzibe macho, ndipo uvute. Lenga shina la bawa. Na usifuate mlio! Ukifuata mlio, safari imeisha, na hela sirudishi."

Hapa hakuna asiyejua kwa nini. Miaka kumi na moja iliyopita, katika bonde hili hili, alisikia jike akilia, akamnyatia, akaachia mshale kichakani. Aliyekuwa akiiga sauti ya jike, ili avute madume, ni Delmar, mumewe, kwa filimbi yake ya mfupa wa bawa. Filimbi hiyo alizikwa nayo.

Mara filimbi inasikika. Milio mitatu, kimya, kisha wa nne unaokatika katikati.

Kahawa inammwagikia Ardith mkononi. Hafuti.

"Jike huyo!" Tobin ananong'ona. "Yuko nyuma ya mwaloni. Bi Ardith, nimzunguke?"

"Thubutu!"

Mlio unarudi, karibu zaidi. Dume anatokea, ametandaza mkia, anageuka. Tobin anavuta upinde. Bawa liko wazi kabisa, lakini nyuma yake ni ule mwaloni.

"Shusha."

"Mama wee, nimeshampata!"

"Shusha, Tobin. Nakuomba, baba."

Anashusha, amenuna. Dume anayoyoma zake.

Desturi ya hapa, ukishuku kuna mtu hupungi mkono, usije ukadhaniwa ndege. Unasema kwa sauti ya binadamu. Ni Tobin anayeita, "Kuna mtu huko?"

Wanakwenda kuangalia. Umande haujakanyagwa popote. Chini ya mwaloni majani yamelala bapa, na Tobin akiyagusa, yana joto.

"Kulungu alilala hapa," anasema haraka haraka.

"Kulungu hapigi filimbi, mwanangu."

Garini Ardith anakiri kwamba huusikia kila msimu, asubuhi moja tu, tarehe aliyokufa Delmar, na hajawahi kuuitikia. Inamuuma. "Siku ile ningetamka neno moja tu, mume wangu angeitika. Nilinyamaza nisimtishe ndege."

Mwakani, asubuhi hiyo, anasema, hatachukua mteja wala upinde. Atakaa chini ya mwaloni na kusema, "Delmar, ni mimi."

"Na akiitika?" Tobin anauliza.

Ardith anaangalia mkono wake wenye kahawa iliyokauka.

"Basi msinitafute."