Laini Tatu za Yuliana

Yuliana alikuwa na laini tatu, na simu yake ilikuwa ya laini mbili. Ile ya tatu aliifunga kwenye pindo la khanga, mahali wanawake wengine wanapofunga hela. Akifika inapohitajika anafungua pindo, anabadili kwa ukucha, anaendelea na safari.

Alikuwa mke wa Masatu, wa Bukima. Alinunua dagaa hapa ziwani, akawaanika juu ya mawe, akawapeleka Musoma, Bunda, hata Butiama. Mzigo wa dagaa haungoji. Gari likiharibika, mvua ikinyesha, mteja akihama soko, usipopatikana kwenye simu umekula hasara. Hilo alilijua mapema, ndiyo maana alizikagua laini kama wazee wanavyokagua ng'ombe wa mahari.

Pastory, wakala wa laini mwenye mwavuli wake Kamunyonge, pale Musoma mjini, alimzoea.

"Mama Mary, leo unanunua au unapima?"

"Napima. Ng'ombe anatembezwaga kwanza."

"Chukua laini ya Radi. Hakuna rahisi kama hii. Kifurushi chake unaongea mpaka mdomo unauma."

"Naongea na nani? Kifurushi chako kinaongea na Radi wenzake tu. Wateja wangu wa Butiama wote wako Tausi. Hiyo tofauti utanilipia wewe?"

"Mama, wewe ungekaa chini ya huu mwavuli ningefunga biashara."

"Basi niazime kiti nipumzike, mwavuli ubaki nao."

Ndivyo alivyokuwa. Akiwa njiani, kila mahali gari liliposimama, alimpigia Masatu nyumbani. Na Masatu si mtu wa maneno.

"Baba Mary, sema kitu."

"Nipo."

"Sema kingine."

"Nipo bado."

"Haya, inatosha. Na huo uso uliokunja nao nimeusikia."

Hivyo alizijua zote tatu. Radi ilikuwa rahisi, na ndani ya mji wa Musoma ilinguruma kweli, lakini ukishaupita mji ukaingia kwenye vilima, imekufa. Mwewe ilishika ziwani, wavuvi wakaipenda, ila barabara ya Bunda ilikatakata. Mnara mmoja ukikukabidhi kwa mwenzake unadondoka katikati. Tausi ilikula salio kama mbuzi aliyeingia kwenye mihogo, lakini Butiama ilishika hata ukiwa ndani ya zizi. Akaamua: Radi ya mjini, Mwewe ya ziwani, Tausi ya safari.

Watu wakitaka laini walimfuata yeye kwanza. Hakumwambia mtu ipi ni nzuri. Aliuliza, "Unampigia nani, na huyo anakaa wapi?" Ukimjibu hilo, umeshajijibu.

Siku moja alipiga kutoka Bunda. Masatu akapokea, akasikia kimya, akakata. Jioni mke alirudi amefura.

"Umenikatia!"

"Kulikuwa kimya."

"Kimya kipi? Nilikuwa nafunga gunia, simu iko begani. Baba Mary, kimya cha mtandao hakinaga kitu ndani, ni kama chungu kitupu. Kimya cha mtu kina kuku, kina pumzi. Siku nyingine sikiliza kwanza."

Masatu alinyamaza. Akaambiwa hicho nacho ni kimya cha mtu, wakacheka pamoja na Mary.

Mwaka jana, wakati wa masika, Yuliana aliugua. Akiwa kitandani aliomba simu, akapanga laini kwa mkono wake, akamwambia Masatu: "Hii ya juu ni Mwewe, ya hapa nyumbani. Ya chini ni Tausi, ya Mary. Ukitaka ishike, panda kwenye jiwe langu la kuanikia. Na uwe unaiwekea salio hata kama hupigi. Laini ikilala sana wanaifungaga."

Haikupita wiki, akafa.

Masatu alifanya alivyoambiwa. Kila mwezi aliiwekea Tausi salio, na hakumpigia mtu. Mary, binti yao aliyeolewa Butiama, alikuwa anapiga mwenyewe. Jina la mke wake Masatu hakulitamka tena. Alisema "marehemu", akaishia hapo.

Juzi Mary alijifungua mtoto wa kike. Siku ya pili mtoto akaanza kulia, akakataa ziwa. Mary akapiga simu kwenye Mwewe.

"Baba, mtoto hanyonyi. Nesi amemtazama, anasema hana homa, hana kitu. Huku wanasema anataka jina. Ilikuwaga kazi ya mama kuyataja, sasa..."

Salio likamwishia.

Kwetu mtoto akilia hivyo anaitiwa majina ya waliotangulia, moja moja. Akifika kwenye lake ananyamaza, ananyonya. Upande wa Masatu mtu mzima aliyebaki kuyajua ni yeye. Na kutoka Bukima mpaka Butiama mzee wa magoti mabovu kama yake angefika kesho, mtoto akiwa amelegea.

Akachukua simu, akapanda kwenye jiwe. Magamba ya dagaa yalikuwa bado yameganda hapo. Akapiga kwa laini ya chini. Ikashika, sauti kama mtu yuko mlango wa pili. Aliyepokea ni Robi, mama mkwe wa Mary.

"Mkwe, sisi upande wetu tumeyamaliza. Tumeita mpaka mjomba aliyekuwa mlevi. Mtoto wenu ana kiburi."

"Mwekee simu karibu."

Robi akaiweka simu kwenye spika. Kilio kikajaa sikioni mwa Masatu. Kilikuwa chembamba, kimeshaanza kuchoka.

Akamwita mama yake, Nyangeta. Mtoto akalia. Akaita bibi yake, Nyanjura. Akalia. Akaita shangazi, akaita dada waliyemzika mdogo. Aliita taratibu, salio halikumtisha. La mwaka mzima lilikuwa humo, halijaguswa.

"Nimemaliza," akasema.

"Hujamaliza, mkwe," Robi akasema, safari hii bila utani. "Kuna mmoja unamruka."

Masatu akaangalia ziwa. Mtumbwi mmoja ulikuwa unarudi. Sauti ya mtoto ilikuwa inapungua, na si kwa kutulia.

"Yuliana," akasema. Halikutoka vizuri. Akasogeza simu mdomoni. "Yuliana. Njoo unyonye, mama."

Kilio kikakatika.

Hakukusikika kitu. Imekata, Masatu akawaza, imekatia palepale. Akaishusha simu, kidole gumba kiko juu ya kitufe chekundu. Kisha akairudisha sikioni.

Mle ndani ya kimya kulikuwa na kuku. Mbali kidogo mtu aliweka sufuria chini. Na karibu, karibu sana, kitu kidogo kilikuwa kinavuta na kumeza, kinavuta na kumeza.

Akasubiri.

"Baba," Mary akanong'ona, "upo?"

"Nipo."

"Ananyonya."

Masatu akakaa juu ya jiwe. Simu aliiacha sikioni. Muda ukapita.

"Mkwe," Robi akaita. "Mkwe! Huyu mzee amekata?"

"Hapana, mama," Mary akamjibu. "Hicho ni kimya cha mtu."