Ulezi Ulioliza King'ora

Nilipelekwa Sumbawanga kwa sababu nilikuwa fundi pekee wa idara aliyehudhuria mafunzo ya ule mtambo, na mafunzo yenyewe yalichukua siku tisa. Ilikuwa miaka ya foleni za sabuni. Mradi wa barabara ulikuwa umejenga ghala la baruti za kupasulia mawe, nje kidogo ya mji, na wafadhili wakaleta kitu cha kulilinda: vichwa viwili vya chuma, kimoja cha kurusha mawimbi, kingine cha kuyapokea. Unavifunga kwenye nguzo mbili, vinatazamana kando ya uzio, na mtu akikatiza katikati king'ora kinalia. Mawimbi yenyewe hayaonekani.

Mlinzi wa ghala alikuwa Mfipa wa rika la baba yangu, mwenye koti zito na mkuki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Fundi yuko nyuma?"

"Fundi ni mimi."

Akachungulia ndani ya gari kuhakikisha, kisha akanipokea sanduku.

Kuvilenga vile vichwa kulinichukua kutwa nzima. Nililegeza boliti za kile cha kupokea, nikakizungusha kidogo kidogo huku jicho liko kwenye mshale wa mita. Ukipanda, naendelea, ukianza kushuka, narudi. Ulipofika juu kabisa nikakaza. Mzee akatembea katikati, kikalia. Akakimbia, kikalia. Akauliza kama mwizi ana namna nyingine ya kupita. Nikasema anaweza kutambaa. Tukatazamana. Sikuwa na uso wa kumwambia mzee yule alale chini, kwa hiyo nikampa daftari na kalamu aandike matokeo, nikalala mimi na suruali yangu ya kazi. Kikalia. Wanawake waliokuwa wakipita na kuni walisimama mpaka nikamaliza.

Kesho yake saa saba mchana upepo ukaanza, na king'ora nacho kikaanza, wala hapakuwa na mtu. Kililia mpaka saa kumi. Nilizunguka uzio mara tatu ndipo nikaelewa. Siku hizo kila mfanyakazi alitakiwa awe na shamba, na mzee alikuwa amelima lake palipokuwa na nafasi, yaani kando ya uzio. Masuke ya ulezi yaliinama na kuinuka, na mtambo ukayaona yote kuwa ni wezi.

"Mzee, ukanda huu wa hatua nne itabidi ukatwe."

"Haujaiva."

"Utaiva lini?"

"Wiki tatu. Ni wa harusi ya binti yetu. Mama yake ataupikia pombe. Ukikatwa mchanga hautoi kimea."

Nikaenda posta kumpigia simu mkuu wangu.

"Unangoja nini huko?" akauliza.

"Ulezi uive."

Akasema niukate, mgeni wa kukabidhiwa mtambo anakuja Jumamosi.

Sikukata. Nilifanya jambo tuliloonywa mafunzoni: nikapunguza usikivu wa mtambo mpaka upepo ukawa unapita bila kelele. Nikamwambia mzee ulezi wake umepona, akashukuru. Nilijiona mwerevu kwa muda wa siku moja.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye kibanda cha mlinzi nakunywa chai, nikasikia mlango wa ghala unagongwa. Nikatoka mbio. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, koti limejaa vumbi kifuani, magoti yamechubuka.

"Umepita wapi?"

"Hapo hapo katikati. Nimetambaa polepole. Ujanani nilikuwa mwindaji."

King'ora hakikuwa na la kusema.

"Rudisha ulivyokuwa umeweka," akasema. "Baruti hizi zikiibwa, atakayeulizwa si ulezi."

Akaenda kumwita mkewe, akarudi naye pamoja na visu vitatu. Mama yule alizitazama nguzo zangu, akanitazama na mimi.

"Hiyo mashine haijui ulezi?"

"Haijui, mama."

"Basi aliyeitengeneza hakulelewa vizuri."

Tukakata ukanda ule suke kwa suke mpaka alasiri, kisha nikarudisha usikivu wa mtambo. Mengi yalikuwa bado ya kijani. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinielemea kuliko lawama. Jioni nikampelekea mama yule sukari yangu ya mgawo, kilo mbili, kwa ajili ya chai ya harusi. Alipokea bila kushukuru. Niliona ni haki.

Jumamosi upepo ulivuma na king'ora kikatulia. Mzee akakatiza mbele ya mgeni, kikalia. Mgeni akaniuliza kama sasa mlinzi bado anahitajika.

"Mtambo unapiga kelele tu," nikamjibu. "Haukimbizi mtu."

Akaandika. Mzee alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, anatazama milima kana kwamba hasikii.

Nilialikwa harusini mwezi uliofuata. Chai ilikuwa tele, pombe ilikuwa haba. Mama wa bibi harusi akaniketisha pamoja na shangazi za binti, akanikabidhi kibuyu kidogo.

"Kunywa, fundi. Hii ni ya ulezi wa mbali na uzio, ule tuliouacha ukaiva."

Ilikuwa pombe nzuri. Nilipomaliza nikaangaza kama kuna kibuyu kingine. Hakikuwapo.