Mwaka Niliofundisha kwa Katekisimu Nusu

Baba mkwe wangu alivuta katekisimu yangu kuanzia mwisho. Nilipogundua, alikuwa ameshamaliza sala za jioni, ndoa, upadri na mpako wa wagonjwa, na alikuwa katikati ya kitubio. Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera. Sukari ilikuwa imepotea, sabuni imepotea, na magazeti ambayo wazee walizoea kusokotea tumbaku hayakufika tena kijijini kwetu, upande wa Kanazi. Mzee alihitaji karatasi. Mimi nilikuwa na karatasi.

Lawama kidogo ziende kwa operesheni ya vijiji. Zamani, kwetu Uhangaza, hakuna mwanamume aliyejenga nyumba ikitazamana na ya baba mkwe wake. Mtu alikaa mbali, akamheshimu mkwe kwa umbali, na heshima ikadumu. Lakini siku tuliyohamishiwa kijiji cha ujamaa, maofisa walipima mistari kwa kamba, na kamba haijui ukwe. Mzee akapewa kiwanja mbele ya changu. Kila asubuhi nikifungua mlango namwona kwenye kigoda chake, akivuta.

Kumkemea haikuwezekana. Mkwe hakemewi, hata kumtazama usoni sana si adabu. Nilimtuma mke wangu akamweleze kwa upole kwamba kile kitabu ni cha kanisa. Alirudi na jibu.

"Anasema, kitu unachokiuliza kila Jumamosi na majibu unayo, bado hujakijua tu?"

Kisha akaendelea kuosha vyombo. Kufikia Krismasi mzee alikuwa anavuta Amri Kumi.

Nilikuwa katekista kwa zaidi ya miaka kumi, na nilijiona fundi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mimi nasoma swali kitabuni, darasa zima linajibu kwa pamoja, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Sasa kitabu kilipoisha niligundua jambo la aibu. Majibu yote nilikuwa nayo kichwani. Maswali ndiyo niliyokuwa siyajui, kwa kuwa sikuwahi kuyasema bila kuyasoma. Jumamosi ya kwanza nilisimama mbele ya watu thelathini nikiwa nimejaa majibu, na sikuwa na pa kuanzia.

Agano Jipya lilikuwa limenusurika, kwa sababu lilikaa kwenye sanduku la kanisa lenye kufuli. Nikakumbuka pia kwamba miaka ya nyuma tuliitwa parokiani, na sista mmoja akatufundisha siku nzima namna ya kusimulia hadithi ya Injili kisha kuuliza swali ambalo mwulizaji mwenyewe hana jibu lake tayari. Siku ile nilikaa nyuma, nikasinzia. Nilichokisikia kati ya usingizi na usingizi ndicho kilichobaki kuwa elimu yangu yote.

Nikawasimulia habari ya mchungaji mwenye kondoo mia, akapotelewa na mmoja, akawaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta. Nikauliza, "Kwa nini aliwaacha wale wengine?"

Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kile cha kwetu hakikuwa na mshindo wowote. Vijana walisubiri wazee waseme kwanza, kama desturi inavyotaka. Wazee nao hawakutaka kuonekana wana haraka. Isitoshe, tangu tuhamie kijijini tulikuwa tumeulizwa maswali mengi: una ekari ngapi, umelima mihogo kiasi gani, jana kwenye shamba la kijiji ulikuwa wapi. Tulikuwa tumejifunza kwamba anayejibu haraka ndiye anayeandikwa. Mwishowe mjumbe wa nyumba kumi, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wangu, akanyanyua mkono.

"Ndugu mwalimu, hilo ni swali la serikali au la dini?"

"La dini."

"Basi hatujui," akasema, akakaa.

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilikuwa tayari kuwafukuza wote warudi kwenye mihogo yao. Lakini mzee mmoja aliyewahi kufuga akasema, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Hao tisini na tisa walibaki na nani?" Hapo likawaka moto. Mmoja alisema mchungaji yule mzembe. Mwingine akasema mzembe ni kondoo. Mjumbe akataka kujua kama kijiji kile kilikuwa na kamati ya mifugo. Walibishana mpaka mvua ikatutawanya, na wakakata shauri kwamba lazima alikuwa na ndugu zake, maana hakuna mtu mwenye mifugo mia asiye na ndugu. Nilirudi nyumbani nimelowa, sijui kama nimefundisha au nimefundishwa. Jumamosi iliyofuata walikuja wengi zaidi.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, mjane, tuliyemwita bibi wa mstari wa tatu, kwa sababu nyumba yake ilikuwa mstari wa tatu. Alikaa karibu na mlango, na kwa miaka miwili hakuwahi kutamka neno darasani. Kila Kwaresima padri alikuja kuwapima wanaoomba ubatizo: maswali matatu kwa kila mtu, ukikosa mawili unasubiri mwaka mwingine. Yeye alikosa matatu mara mbili. Hakukosea, alinyamaza tu. Kiswahili alikisikia, ila hakukisema, na padri hakuwa na muda wa kuuliza mara ya pili.

Mwaka ule alikuwa na haraka. Mwanawe wa pekee alikuwa amechukuliwa na wenzake wa mgambo, wakapandishwa lori, wakapelekwa kaskazini vitani. Tangu siku hiyo hakuna habari iliyofika. Siku moja tukipalilia shamba la kijiji alisogea kwenye mstari wangu, tukapalilia sambamba kwa muda, ndipo akasema kwa Kihangaza, lugha tuliyotumia siku zote.

"Mwanangu alibatizwa alipokuwa shule. Akifa huko, na mimi nikafa hapa bila kubatizwa, tutakutana wapi?"

Nikamwambia kitabu kina jibu la swali hilo.

"Kinasemaje?"

Nikafungua mdomo. Lile jibu nilikuwa nalo, fupi, la kukariri, na nilipomtazama mikono yake kwenye jembe sikuweza kulitoa. Nikamwambia ule ukurasa baba mkwe ameshauvuta. Ilikuwa kweli, lakini niliisema kwa woga, na nadhani aliona.

Ndiyo maana Jumamosi iliyofuata nilichagua hadithi ya mjane aliyekuwa anakwenda kumzika mwanawe wa pekee. Bwana alikutana na jeneza kwenye lango la mji, akamhurumia yule mama, akamwambia asilie, akalishika jeneza, kijana akaketi akaanza kusema. Nilipomaliza sikuuliza kitu. Niliogopa swali langu mwenyewe. Nikasikia sauti kutoka mlangoni.

"Yule mama alimwita Bwana?"

Darasa zima liligeuka. Nikaangalia kitabuni. "Haikuandikwa kwamba alimwita."

"Alikuwa anamjua?"

"Haikuandikwa."

"Alikuwa amebatizwa?"

"Hapana," nikasema.

Alifunga kitenge chake vizuri. Mjumbe alitaka kujua kijana yule alisema maneno gani baada ya kuketi, na tukaongea juu ya hilo hadi jioni. Wengi waliamini aliomba chakula.

Padri alikuja wiki mbili kabla ya Pasaka, na pikipiki yake, na orodha yake, na penseli. Sikuwa nimemwambia habari za kitabu. Kila siku nilipanga kumwambia, na kila siku niliona kesho ni nzuri zaidi. Tulimwekea meza ndani ya kanisa letu la udongo, nami nikasimama pembeni kutafsiri kwa wasiokisema Kiswahili.

Mjumbe ndiye aliyetangulia. Padri akamwuliza dhambi ni nini. Mjumbe akafikiri vizuri, kisha akasema, "Padri, unauliza ya mtu gani?"

Padri alinitazama. Mimi nilitazama paa, ambalo lilihitaji nyasi mpya. Wa pili aliulizwa Kanisa ni nini, akasema inategemea nani amebaki na wale tisini na tisa.  Hawa watu nilikuwa nimewaharibu. Katika miezi minne nilikuwa nimechukua darasa lililojua kujibu, nikaligeuza baraza la wazee wenye kesi. Hata hivyo padri hakumwekea mtu alama ya msalaba, ile ya aliyekosa, upesi upesi kama zamani. Aliacha wajieleze, akaandika polepole.

Ikafika zamu ya bibi wa mstari wa tatu. Alisimama mbele ya meza, mikono ameishika pamoja. Padri akauliza swali la kwanza. Kimya. Akauliza la pili. Kimya. Niliiona penseli ikisogea kwenye karatasi, na nikajua ikigusa tu, huyu mama atasubiri mwaka mzima mwingine, na vita havisubiri mtu. Nilitaka kumsemea. Nilikuwa hata nimeshapanga kutunga jibu na kudai amelinong'ona.

Ndipo akanigeukia mimi, akasema jambo kwa Kihangaza. Si jibu. Lilikuwa swali, na halikuwa na adabu ya kumwuliza padri. Nilifikiri kulitengeneza. Kisha nikalitafsiri kama lilivyo.

"Padri, anauliza, yule mjane aliyekutana na Bwana kwenye lango la mji, aliulizwa maswali mangapi?"

Padri aliiondoa penseli kwenye karatasi. Nje mtoto wa mtu alikuwa analia, na mama yake akimbembeleza. Padri alikuwa mtu mzima, alishabatiza mamia, na uso wake haukuwa wa kusomeka kirahisi.

"Hata moja," akasema.

Bibi hakusubiri tafsiri. Alirudi mahali pake karibu na mlango, akakaa, kama mtu aliyemaliza shughuli yake. Padri aliandika kitu mbele ya jina lake, na haikuwa alama ya msalaba.

Alipokuwa anaondoka aliniuliza kitabu changu kiko wapi.

"Kimevutwa, padri."

"Na nani?"

"Baba mkwe."

Alipiga pikipiki teke mara tatu kabla haijawaka. "Nitakuletea kingine," akasema. "Usikiweke nyumbani."

Pasaka bibi wa mstari wa tatu akabatizwa. Alipoinamisha kichwa na maji yakamtiririka shingoni, nililia mbele ya watu wote, wala sikujificha. Nilifurahi kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kufurahi kwa ajili yangu. Alipotoka kanisani alipita nyumba kwa nyumba, mstari mzima, akiwaambia watu kwamba sasa hata habari mbaya ikija, yeye na mwanawe watakuwa mahali pamoja.

Habari mbaya haikuja. Alikuja mwanawe mwenyewe, baada ya mavuno ya maharage, amekonda, amevaa koti la jeshi lisilo na vifungo. Kijiji kizima kilikwenda kumsalimu. Siku ya tatu nilimwona akija kwangu mchana, peke yake. Alinipa shikamoo, nikaitikia, mke wangu akamletea uji. Hakuunywa.

"Mwalimu, hunikumbuki," akasema.

Nikamwambia namkumbuka sana, ni mtoto wa bibi wa mstari wa tatu. Akatikisa kichwa. Akasema alikuwa anaongelea zamani, kabla ya vijiji, nilipokuwa nafundisha dini shuleni upande wa Murusagamba. Tulikuwa na watoto hamsini katika darasa moja. Nilimpima kila mmoja kwa swali moja. Waliojibu walikwenda parokiani wakabatizwa. Waliokosa walibaki.

"Mimi nilibaki," akasema. "Lakini mama alikuwa amenifulia shati. Alikuwa amenifungia ndizi za njiani. Nilirudi nikamwambia nimebatizwa. Yeye hakuwa mtu wa kanisani wakati ule, hakuna aliyemwambia vingine. Nimekaa na neno hilo mpaka vitani. Kila mizinga ilipolia nilikuwa nawaza, mama anajua nimebatizwa. Sasa narudi, nakuta amebatizwa yeye, kwa ajili yangu. Nitamwambiaje?"

 Nilimwona mama yule akipita nyumba kwa nyumba na furaha yake, na nikaona mahali palepale alipodhani watakutana, na angefika huko peke yake. Nilijaribu kuikumbuka sura ya mtoto huyu kati ya wale hamsini. Sikuikumbuka. Nilikuwa nimemwekea alama, nikala chakula cha mchana, nikasahau. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kwa ajili ya jambo lolote.

Nikamwuliza nilimwuliza swali gani siku ile.

"Uliniuliza kwa nini Mungu ameniumba."

"Ukajibu nini?"

"Sikujibu, mwalimu. Nilikuwa bado nafikiri. Ukapita kwa mwenzangu."