Mabeki Wawili wa Temeke

Niliolewa Temeke na mume aliyekuwa kuli bandarini siku za kazi, na Jumapili beki wa kulia. Mpira nilikuwa siujui. Kwetu Mbagala walicheza watoto, mwanamke mzima hakuwa na shughuli uwanjani. Jirani yangu ndiye aliyenivuta. Tulijitanda kanga, tukasimama karibu na goli letu.

Macho ya watu wote yalikuwa kwenye mpira. Mie nilimtazama mume wangu tu, maana ndiye niliyemjua. Hata mpira ukiwa mbali hakutulia. Alisogea, akageuka, akampigia kelele beki mwenzake wa kushoto: "Mwalimu, ingia ndani! Ndani!" Na kweli alikuwa mwalimu, mtu wa bara, mrefu, aliyekuja kufundisha shule ya misheni. Mmoja akipanda, mwenzake alibaki. Mmoja akipitwa, mwenzake yupo.

Mvua ilikuwa imenyesha na ule mpira wa ngozi ulikuwa umekunywa maji. Karibu na mwisho ukapigwa golini, golikipa wetu yuko chini. Mume wangu akaurukia kwa kichwa. Nilisikia kishindo kama cha nazi ikianguka kwenye udongo mgumu, naye akalala chini. Mwalimu akauwahi, akaupiga mbele, fowadi wetu akafunga. Watu wakavamia uwanja, wakambeba fowadi juu juu mpaka barabara ya Kilwa, huku wakimwimba. Aliyerudi kumwinua mume wangu ni mwalimu.

Tulirudi nyumbani watatu. Kamba zilizoshona ule mpira wa ngozi zilikuwa zimemchana mume wangu paji la uso.

"Mbona wewe hawakuimbi?" nikamwuliza.

Akacheka. "Beki akitajwa, ujue kafungisha."

"Shemeji," mwalimu akasema, "golikipa amemshukuru. Inatosha."

"Mie haijanitosha," nikajibu, nikaenda kukuna nazi.

Tangu siku hiyo mwalimu akawa anakula kwetu kila baada ya mechi. Ramadhani, yeye asiyefunga, alikataa hata maji mpaka aliposikia adhana. Majirani walishangaa, Mzaramo na mtu wa bara wanacheka nini muda wote huo. Nami sikujua cha kuchekesha. Walikuwa wakizungumza habari za mawinga wa watu.

Kisha mwalimu akahamishiwa bara. Beki aliyeletwa alikuwa kijana mwenye mbio kuliko wote wawili, lakini alifuata mpira tu. Jumapili moja wakafungwa vibaya, na siku hiyo ndipo jina la mume wangu liliposikika Temeke nzima, kwa matusi.

Alirudi, akaomba maji ya kuoshea miguu. "Sichezi tena," akasema.

"Kwa ajili ya maneno ya watu?"

"Maneno nimezoea. Nageuka kushoto, simwoni mtu."

Nilimmiminia maji miguuni. Hakucheza tena kweli.

Sasa mimi ni mjane, na wazee wenzangu hukaa barazani kwangu kuwahesabu mafowadi wa zamani, nani alifunga, kwa mguu upi. Juzi nikawauliza, "Na mabeki je?" Mmoja akakuna kidevu.

"Alikuwepo mwalimu mmoja hivi," akasema, "na mwenzake, kuli, hodari wa kichwa. Wale walikuwa ukuta."

Nikaingia ndani kumletea kikombe cha pili cha kahawa.