Gauni la Mama Mkwe

Kwa fundi cherehani, Krismasi ndiyo msimu wa mavuno. Ifakara nzima hukumbuka kwamba haina nguo sikukuu ikiwa imeshabisha hodi, na kila mteja anaapa kuwa ni yeye peke yake mwenye haraka. Mwaka jana nilikuwa na sare za kwaya, kitenge cha bluu chenye ndege weupe, zimelundikana mpaka dirishani. Ndiyo maana mvua ziliponyesha na mpunga ukatakiwa kupandwa, mke wangu alikwenda shambani kwetu, kijiji cha Mbingu, peke yake, akae kwenye kibanda chetu huko mpaka mkesha wa Krismasi. Mimi nilibaki nyumbani na mama yake.

Mama mkwe ana kisukari, na macho yake yameanza kufifia. Insulini yake tunaitunza kwenye chungu chenye mchanga uliolowanishwa maji, kwa kuwa hatuna friji. Asubuhi na jioni mke wangu humchoma pajani, maana mikono imekonda na kliniki walisema tuiache. Safari hii kazi hiyo alikabidhiwa binti wa jirani aliyesomea uuguzi. Mimi nilifundishwa kwa tahadhari tu, kwa kuchoma chungwa. Nilichoma vizuri mpaka mke wangu akanitania kwamba nimekosea kazi. Lakini chungwa si mama wa mke wangu.

Mama mkwe simpi mkono. Hatuli pamoja, siingii chumbani kwake, na tukikutana njiani napisha pembeni na kuinamisha macho. Miaka yote tuliyokaa naye tumezungumza mimi nikiwa upande huu wa pazia. Ndivyo tulivyolelewa, na sikuwahi kuona kama ni mzigo.

Kisha binti wa jirani akapata msiba Mahenge, akaondoka alasiri bila hata kutuaga. Dawa ya jioni ikapita. Asubuhi, nilipopata habari, nilikwenda kusimama nje ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Yule binti amekwenda msibani."

"Basi nitamsubiri mwanangu."

"Mwanao anarudi mkesha, mama."

"Nitamsubiri."

Nilipaswa kumbishia. Badala yake nilishusha pumzi, naona haya hata kuandika hivyo, nikarudi kwenye cherehani yangu kama mtoto aliyeruhusiwa kutoka darasani. Simu ya mke wangu haikupatikana. Huko shambani mtandao ni wa kubahatisha. Kliniki ni mbali kwa miguu ya mama. Majirani wengi nao walikuwa wanapanda, na bibi wa nyumba ya pili mikono inamtetemeka hata akishika kikombe. Nilijipa sababu zote hizo huku nakanyaga cherehani.

Mama alikunywa maji, akaomba mengine. Alikwenda chooni akarudi, akaenda tena, akijishikiza ukutani, na kila alipopita nilikiinamia kitenge. Mchana, alipokuwa anarudi, miguu ilimwishia nguvu. Akaanguka kwa magoti pale uani, khanga ikamtoka kichwani. Nilisimama na tepu yangu shingoni. Nikatazama njiani kama kuna mwanamke yeyote anayepita. Njia ilikuwa tupu, nikaitazama tena. Ndipo nikamwendea, nikamshika kwapani, nikamwingiza ndani, mwili wangu wote ukiwaka aibu.

"Mama, dawa hii lazima," nilisema.

"Najua, baba. Ila si wewe." Alikuwa ameishikilia khanga yake kwa mikono yote miwili. "Tutatazamanaje baada ya hapo?"

Nilirudi kwenye cherehani, nikashika mkasi. Nilichukua kitenge cha kwaya kilichobaki, nikakata gauni pana na refu bila kupima, kwa sababu kumpima nako kungekuwa aibu nyingine. Ubavuni, usawa wa paja, nikaacha tundu dogo la mraba, ukubwa wa kiberiti, nikaliwekea kifuniko na kifungo. Mshono ulikwenda kombo na sikuurudia. Nikalipitisha gauni pembeni ya pazia, nikamweleza nikiwa naongea na sakafu. Nikasikia kitambaa kikichakarika, akilivaa.

"Njoo," alisema.

Alikuwa amelala ubavu, uso ameugeuzia ukutani. Nilifungua kifungo, nikaona kipande cha ngozi ambacho kingeweza kuwa cha mtu yeyote, nikachoma, nikafunga kifungo. Nilipotoka nje shati lilikuwa limelowa jasho. Tuliendelea hivyo asubuhi na jioni, nguvu zikamrudia pole pole, wala hatukusemezana zaidi ya shikamoo na marahaba.

Mke wangu alirudi siku ya mkesha, matope mpaka magotini. Alipoliona gauni alicheka mpaka akakaa chini, akauliza kama mama yake naye ameingia kwaya. Kisha akafuta machozi, na si ya kicheko peke yake. Jioni alichukua dawa kwenye chungu. Mimi nilikuwa nimekwisha kaa kwenye cherehani, nimefurahi kwamba yamekwisha, niliposikia mama akimwambia, "Hapana. Mwite yeye."

Niliingia nikitazama chini. Mke wangu alibaki mlangoni. Nilipokuwa nafungua kifungo, mama alisema, uso bado ukutani:

"Siku ile nilipoanguka, baba, ulikuwa unamtafuta nani kule njiani?"

Mkono wangu ulisimama. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba macho yale hayakuniona.

"Mwanamke yeyote, mama," nilisema.

"Hata mimi nilikuwa namtafuta huyohuyo. Haya, choma."