Mtihani Uliokuwa Wazi

Katika chuo ninakosomea uzamili hapa Nakuru, humsaidia mhadhiri kufundisha usalama wa mitandao. Juzi niliwaagiza wanafunzi waivamie kupitia mtandao kompyuta ya mazoezi. Binti mmoja, aliyekwisha kulifeli somo hili na asiyeruhusiwa kulifeli tena, aliinua mikono ghafla kana kwamba kibodi imemuunguza.

“Mwalimu, kuja uone. Hii si ya mazoezi.”

Alikuwa amekosea tarakimu moja ya anwani, akaingia kwenye kompyuta ya mhadhiri. Mtihani wa wiki ijayo ulikuwa humo.

“Umeusoma?”

“Sijaufungua. Nimepiga picha ya jina la faili tu, mjue pa kuziba.”

“Aki wewe!” jirani yake akafoka. “Si ungetuangalizia hata swali moja?”

“Wacha nifeli na majibu yangu.”

Daudi alipompata pangoni mfalme Sauli aliyekuwa akimwinda, alikata pindo la vazi lake tu liwe ushahidi, asimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Nilisimama nyuma ya kiti cha binti yule nikatamani kuvua viatu kama mtu aliye mahali patakatifu.

Mhadhiri anatunga mtihani mwingine. Mwombeeni binti huyo, wasomaji, kwani mimi ndiye nitakayesahihisha, na sitamwongezea hata alama moja.