Dawa ya Nyoka Ndani ya Mwamba

Mkono wa mwenzangu ulikuwa bado wa moto ndani ya mkono wangu, na mwili wake wote uliobaki ulikuwa chini ya jiwe. Mguu wangu wa kushoto nao ulikuwa humo humo, kuanzia gotini. Karabai ilikuwa imezimika. Kutoka juu, kwenye mdomo wa shimo, nikasikia sauti ya mnyapara wetu, mume wa dada yangu. Hakuuliza nani ameumia. Aliuliza, "Nani huko chini alikuwa mtupu?"

Jina lake siandiki. Lakini dada yangu ana mume mmoja tu, na wanaomjua wanamjua.

Nyumbani kwetu Shinyanga, mama alikuwa akisema ng'ombe waliolala nje ya ua wa miiba wako wazi. Mtoto mchanga asiye na hirizi, naye yuko wazi. Mjane asiye na kaka walimwita mtu asiye na mgongo, yaani yeyote akitaka kumpiga atampiga. Nilipofika machimboni Geita nilikuta ubao umechorwa fuvu na kuandikwa HATARI. Mimi nilisoma madarasa mawili, niliweza kuusoma. Wenzangu wengi hawakuweza, na hata mimi haukunitisha. Neno lililotutisha lilikuwa mtupu, mtu anayeshuka shimoni bila kuchanjwa dawa. Mtupu alikula peke yake. "Kaa kule, usitushushie mwamba kichwani!"

Mwenzangu, Msumbwa wa Runzewe, alikuwa mtupu na hakujali. Kila asubuhi kabla hatujaanza kuchimba alichukua mtalimbo akagonga dari. Mwamba mzima unalia kama chungu kizima, na wenye ufa unalia kama chungu chenye ufa. Akisikia ufa, anakaa chini.

"Mnyapara, hapa haingii mtu mpaka uniletee matimba."

Matimba ni magogo ya kushikilia dari. Shemeji yangu alikuwa akiyang'oa kwetu na kuyapeleka kwenye njia mpya, ile aliyokuwa anaitembelea Mzungu mwenye mgodi, ili asifiwe. Kwa hiyo mgonga dari alikuwa mwiba kwake.

Siku moja akaniita pembeni. "Shemeji, nimeleta mganga kutoka Kharumwa. Anachanja dawa ya mwamba. Wewe ni damu ya mke wangu, sitaki uwe wazi. Na huyo Msumbwa wako mlete, wewe anakusikiliza."

Nikaenda kumbembeleza. Alinicheka.

"Ninyi Wasukuma, michembe, hivyo viazi vyenu vikavu, imewaziba masikio! Jiwe lina masikio ya kusikia dawa?"

"Watu hawataki kula na wewe."

"Nashiba zaidi."

Lakini nilimwendea siku ya pili, na ya tatu nikamwambia, "Kama si kwa ajili yako, fanya kwa ajili yangu." Hapo akakubali. Akaja.

Mganga alikuwa mzee wa bayeye, wale wacheza nyoka. Alituchanja mikononi na miguuni, akapaka unga mweusi. Hakusema mengi. Aliuliza tu, "Vijana hawa wanashinda porini?" Shemeji akajibu haraka, "Kila siku, babu." Kisha akatugeukia sisi akatoa masharti yeye mwenyewe, si mganga: usile bamia, usiruke mtalimbo, na aliyechanjwa hagongi dari. Kugonga ni kuidharau dawa, dawa inakasirika inaondoka.

Tukaamini. Shimo zima tukaacha kugonga. Aliyegonga alizomewa, "Mtupu huyo!" Siku za kwanza nilimwona mwenzangu akinyoosha mkono kwenye mtalimbo, ananitazama, anaurudisha. Matimba ya mwisho ya njia yetu yaling'olewa Jumatatu. Alhamisi asubuhi dari ikaja.

Mguu walinikata hospitali. Nilipoweza kutembea na gongo nilipanda lori la pamba mpaka karibu na Kharumwa, nikamtafuta yule mzee. Nilitaka kumuuliza tulivunja sharti gani.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu." Akatazama makovu yangu ya chanjo. "Nyoka amekuuma? Dawa yangu haijawahi kushindwa."

"Si nyoka, babu. Ni mwamba."

Akashangaa. "Shemeji yako alikuja kutaka dawa ya nyoka, nikampa ya nyoka. Dawa ya mawe nani anayo? Mimi hata pangoni siingii bila kupiga fimbo juu."

Nilirudi nikamweleza dada. Alilia, kisha akasema, "Mwache, ni baba wa watoto wangu." Hivyo nimemwacha miaka yote hii. Yeye sasa ni mzee wa kanisa, anapatanisha ndoa za watu, na kwenye misiba anapewa kiti cha mbele.

Dhambi ya kumbembeleza mwenzangu ni yangu, sikatai. Nimekwenda Runzewe, nimepiga goti moja nililobakiwa nalo mbele ya mama yake, nimesema. Mama yule bado yu hai. Aliniuliza swali moja: yule aliyekutuma kwa mwanangu, alijua dari itashuka?

Shemeji, swali ni lako. Nenda Runzewe ukamjibu.